Dada aliyenishika mkono amefiwa na mumewe, nami sikwenda msibani

Bwana Yesu asifiwe mama, na shikamoo.

Nina miaka 33. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, kwa hiyo univumilie nikizunguka.

Nilipomaliza chuo nilikaa bila kazi. Kanisani kulikuwa na dada mmoja anayenizidi kama miaka 15, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Alinichukua bila kuombwa. Nilikaa kwake miaka miwili. Ndiye aliyenifundisha kuandika hesabu za biashara, jioni kwa jioni, daftari likiwa mezani, akinisahihisha bila kunifokea. Mama yangu alipolazwa tulipokezana naye kulala wodini. Uchumba wangu wa kwanza ulipovunjika hakuniuliza kitu. Alinitandikia kitanda, akazima taa, akaenda zake. Mambo hayo yalichukua miaka sita, na hajawahi kunihesabia hata moja.

Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo yote mambo yangu hayakusogea. Vibarua vya hapa na pale, mkataba wa miezi mitatu, halafu kimya. Wadogo zangu wawili wameolewa. Niliosoma nao wamepanda vyeo. Nimefunga, nimekesha, nimetoa hadi sadaka ya shukrani kwa jambo ambalo halijatokea. Na kila nikimlilia dada, jibu lake lilikuwa lile lile: "Ngoja mdogo wangu, wakati wa Bwana ukifika hautakupita." Mwanzoni lilinituliza. Baadaye likaanza kunichoma.

Mwaka jana kwenye mkesha alikuja mhubiri mgeni, akafundisha habari ya misimu. Alisema kuna watu ambao Mungu anakuletea kwa msimu mmoja tu, na ukiwang'ang'ania baada ya msimu wao kuisha wanageuka kizuizi cha upenyo wako. Akatuambia tufumbe macho, na sura ya kwanza itakayotujia ndiye huyo. Mimi ilinijia ya dada.

Wakati huo kulikuwa na kaka mmoja aliyetaka kunioa, tumefahamiana miezi miwili. Dada alishauri tusubiri kidogo, tujue kwao, tujue hasa anafanya kazi gani. Nikaona kizuizi ndicho hiki. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananirudia nikiwa naosha vyombo: "Kwako ni rahisi kuniambia ningoje, kwa sababu una mume, una nyumba, una kila kitu." Alinyamaza. Halafu akasema, "Sawa." Nikaondoka, na simu zake sikuzipokea tena.

Yule kaka alitoweka kabla hatujafika popote. Kazi sijapata. Imepita miezi 14 sasa. Miezi minne iliyopita mume wa dada alifariki ghafla. Sikwenda msibani. Nilituma ujumbe: "Pole dada, Mungu akutie nguvu." Akajibu, "Amina."

Nina maswali mawili. Nitajuaje kama huku ni kungoja wakati wa Mungu, au maisha yamenipita tu? Na je, nimrudie dada? Nimekuwa nikimwomba Mungu afungue mlango wa upatanisho kwa wakati wake, sitaki kumtangulia. Wapo pia wanaonionya nisirudi nyuma nikawa mke wa Lutu.

Ni mimi,
Niliyechoka kungoja

*

Marahaba, mwanangu. Jina lake lisifiwe.

Naanza na swali la pili, maana hilo halihitaji mkesha. Nenda kwa dada yako, tena wiki hii. Kama jibu hili linakukuta siku ya ibada na sadaka iko mkononi, Yesu ameshaweka utaratibu katika Mathayo 5: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, uende ukapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Hakusema uombe mlango ufunguliwe. Huo mlango unaouombea hujaupigia hodi hata mara moja.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama pale pale. Penye kungoja, kwa yule kaka wa miezi miwili, ulikimbia. Penye kukimbia, kwa mjane aliyekulaza kitandani kwake, umekaa unasema unangoja wakati wa Mungu. Tuna tabia hiyo sisi watu wa kanisani, nami simo nje: jambo tunalolitamani tunalifanya usiku huo huo, jambo tunaloliogopa tunamkabidhi Bwana. Hicho unachokiita subira ni aibu, mwanangu. Aibu naielewa, hata mimi ningeona aibu. Ila usiivishe joho la ibada.

Waliokutajia mke wa Lutu wamechukua jina lake wakaacha habari yake. Yule mama aligeuka kutazama mji uliokuwa unateketezwa kwa uovu wake. Nyumbani kwa dada uovu ni upi? Daftari la hesabu? Kitanda alichokutandikia? Zamu za wodini?

Tuje kwenye misimu. Mhubiri mlango wa 3 unasema kuna wakati kwa kila jambo, na mstari wa 5 unataja waziwazi wakati wa kukumbatia na wakati wa kutokumbatia. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kila uhusiano ni wa kufa na kuzikana. Mtu anayekupiga, mtu anayekukopesha ili akumiliki, mtu ambaye kila ukiinuka anatafuta namna ya kukukalisha, huyo ondoka kwake, na wala usisubiri mhubiri mgeni akupe ruhusa. Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali, kisa kijana Yohana Marko, na Matendo 15 haikuficha. Lakini wewe dada alikukosea nini? Alikushauri usimwendee mbio mwanamume usiyemfahamu, naye mwanamume mwenyewe akaja kumthibitisha kwa kutoweka. Mithali 27:6 inasema jeraha utiwalo na rafiki ni amini. Wewe jeraha lenyewe hukutiwa hata. Uliambiwa tu "tujue kwao".

Ile habari ya kufumba macho ndiyo iliyonikera zaidi. Waambie watu mia wafumbe macho wafikirie mtu, wengi wataona sura ya mtu aliye karibu nao kuliko wote: mume, mama, rafiki wa kila siku. Dada alikujia kwa sababu kwa miaka sita ndiye aliyekuwa karibu. Mchezo ule ungeweza kuvunja ndoa ngapi usiku ule, sijui, na wala sidhani mhubiri alirudi kuuliza.

Kuna na msemo huu wa "wasaidizi wa hatima". Wanaoutumia wengi wana nia njema, wanataka tusiwadharau watu ambao Mungu anawatumia kutuinua. Ila ukiuweka moyoni vibaya unamgeuza mtu kuwa ngazi. Ukipanda, unaiacha imeegemea ukutani. Usipopanda, unasema ngazi ni mbovu. Nadhani ndilo lililokupata. Ulikuwa unampima dada kwa kazi ambayo hakukuahidi na ndoa ambayo haikuwa mkononi mwake, ukaona miaka sita imepita bure. Wazee wana lao, usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini hapa naiona methali hiyo haitoshi. Inakuonya usimtukane mkunga kwa kuwa utamhitaji tena. Mimi nakutaka umrudie dada hata kama hutamhitaji tena maisha yako yote.

Najua umehubiriwa Yusufu mara nyingi, hasa wewe mwenye miaka ya kungoja. Aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana miaka 30. Miaka 13 hapo katikati: shimo, utumwa, kusingiziwa, gereza. Na kila anayesikia habari ile anajiona yeye ndiye Yusufu. Leo naomba usome Mwanzo 40 ukijiweka kuwa mnyweshaji, yule mtumishi wa kikombe cha Farao. Yuko gerezani, amenyong'onyea kwa ndoto asiyoielewa, na Yusufu, mfungwa mwenzake mwenye shida kubwa kuliko yake, anamwona uso umekunjamana, anamuuliza kulikoni. Anamsikiliza, anamfasiria, anampa tumaini. Anamwomba kitu kimoja tu: mambo yakikunyokea, unikumbuke. Mnyweshaji akatoka, akarudishiwa kikombe chake, akamsahau. Miaka miwili mizima.

Husemwa kwamba kusahauliwa kule kulikuwa mpango wa Mungu, ili Yusufu atoke siku Farao ameota. Sawa. Mungu anaweza kupitisha mambo yake hata katikati ya usahaulifu wetu. Lakini mnyweshaji mwenyewe hakujitetea hivyo. Siku alipofungua kinywa alisema, "Nayakumbuka makosa yangu leo." Wapo wanaosema alikuwa anakumbuka makosa aliyomkosea Farao, inawezekana. Mimi siwezi kuisoma sentensi ile bila kumsikia akimkumbuka pia yule kijana wa gerezani, maana habari yake ndiyo inayofuata hapo hapo. Wewe una miezi 14. Yeye alichukua 24.

Sasa swali lako la kwanza, nitajuaje. Mwanangu, kipimo sina, na anayekwambia anacho muulize alikipata wapi. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75 na ahadi mkononi. Akiwa na miaka 86 alimshika Ishmaeli, na nadhani alijua jibu limefika. Lililokuwa limeahidiwa, yaani Isaka, lilikuwa bado miaka 14 mbele. Ukiwa katikati ya safari kama ile hakuna kibao kinachoonyesha umebakiza kiasi gani. Walioitwa mashujaa wa imani walijua walipofika, na Waebrania 11 inasema wengine walikufa bila kuzipokea ahadi, wakaziona kwa mbali tu. Mstari huo hausomwi sana mikeshani.

Kwa hiyo sikuahidi kazi, wala sikwambii ukimrudia dada milango itafunguka mwezi ujao. Ukienda kwake ili upate upenyo utakuwa umerudia kosa lile lile kwa njia ya adabu zaidi.

Ninachoweza kukuonyesha ni Martha. Lazaro anaumwa, wanatuma ujumbe, Yesu anaupata, kisha anakaa pale alipo siku mbili zaidi. Anafika Lazaro akiwa kaburini siku ya nne. Martha anatoka kumlaki njiani na hamung'unyi maneno: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Alimwambia mwenyewe, usoni. Wala hakukemewa. Na Yesu, ambaye alijua anakwenda kumfufua, kabla ya kufika kaburini alilia machozi. Nalirudia hilo mara nyingi ninapozungumza na waliochoka: aliyejua mwisho wa habari alilia pamoja na wasioujua.

Maneno yako, "kwako ni rahisi, una kila kitu," yalikuwa ya kumwambia Mungu. Ndiye mwenye kila kitu, ndiye aliyekawia machoni pako. Dada aliyapokea kwa sababu alikuwa karibu na hangekuunguza. Mpelekee Mungu mwenyewe sasa. Funga mlango, mwambie umechoka, mwambie umri, mwambie wadogo zako, usipambe. Zaburi zimejaa "hata lini, Bwana". Ya 13 inaanza nayo na kuirudia mara nne katika mistari miwili.

Na niwe wa haki kwako pia. Dada naye alikuwa na upungufu. Neno "ngoja" likitolewa upesi kila mara linakuwa kama plasta ya kufunikia kidonda ambacho mtu hataki kukitazama. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno, na hapo ndipo walipomfaa. Walipoanza kuhubiri waliharibu. Huenda ulihitaji mtu wa kukaa chini nawe na ukapewa mstari. Siku moja, mambo yakitulia, unaweza kumwambia hilo. Ila si siku hii.

Kungoja kwenyewe usikuelewe kama kukaa. Yakobo alipotaka kufundisha uvumilivu alimtaja mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ile ya kwanza hunyesha kuelekea mwisho wa mwaka na ya mwisho mwezi wa tatu au wa nne, na hapo kati mkulima hakai kibarazani. Wewe una ujuzi wa hesabu uliofundishwa bure. Wapo watu wenye biashara zao ambao madaftari yao ni fujo tupu. Anza na mmoja, mpangie vitabu vyake vya mwezi, umwache akuseme kwa mwingine. Sijui kama hiyo ndiyo kazi uliyoiombea. Ni kazi lakini. Habari ya ndoa naipita: miaka 33 si msiba, na aliyetoweka mapema amekupunguzia mengi.

Turudi kwa dada, maana ndiko nilikotaka kukaa.

Usitume ujumbe kuomba nafasi ya kumwona. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa mistari nusu na akaujibu kwa neno moja. Usimlazimishe tena kutafuta neno. Nenda mwenyewe, saa ambayo unajua huwa nyumbani. Usiende na rafiki wa kukusindikiza, wala usiende na maelezo. Mhubiri, mkesha, kaka yule, yote yaache nje ya mlango. Ukianza na hayo utakuwa umekwenda kujitakasa, naye mfiwa atalazimika kukufariji wewe.

Mtaje marehemu kwa jina, kwanza kabisa. Miezi minne baada ya msiba watu huwa wameshaacha kumtaja, wakidhani wanamsaidia mjane. Sema unachokumbuka juu yake, hata kama ni kidogo, namna alivyokuwa anakusalimia ulipokuwa unaishi kwao. Kisha sema: "Dada, hukuniona msibani. Sikuwa safarini, sikuwa naumwa. Niliona aibu kwa maneno niliyokwambia. Nilikukosea wakati ule, nikakukosea tena wakati wa msiba. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu, utatamani kuongeza "lakini". Usiongeze.

Anaweza kukukumbatia hapo hapo. Anaweza pia kusema "Sawa" kama alivyosema siku ile, akakuonyesha kiti, na mazungumzo yakawa mafupi. Anaweza asifungue. Ikiwa hivyo, mwachie nafasi, urudi baada ya wiki kadhaa bila manung'uniko. Alikungoja miaka sita bila kukusukuma. Zamu ya kungoja sasa ni yako, na hapo sitakuwa na neno nawe ukisema unasubiri wakati wa Bwana. Paulo aliyemkataa Marko kwa ukali ule, ukisoma 2 Timotheo 4 unamkuta amezeeka, yuko kifungoni, anaomba aletewe Marko huyo huyo, maana anamfaa kwa utumishi. Biblia haisemi ni nani alitangulia kwenda kwa mwenzake, wala ilichukua muda gani.

Akikukaribisha ndani, usikae kama mgeni. Unajua vitu vilipo kwenye nyumba ile. Kama kuna vyombo, osha. Na najua atakachokuuliza mapema, maana ndivyo alivyo: umepata kazi? Mwambie bado, basi, usiendelee na habari hiyo. Muulize yeye usiku analalaje.